Shubiri Moja na Nusu ya Utumbo wa Salima

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Dada yangu Riziki,

Assalaam alaykum. Kabla sijauliza mguu wako, kabla ya paa la jikoni na yule jogoo wako anayewika saa sita mchana, soma mstari huu mara mbili: Salima yu hai, anakula, anatembea, na hivi ninavyoandika yuko uani anamfokea jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo. Umesoma? Rudia. Halafu kaa chini, maana unaofuata hauna faida kwangu.

Salima amefanyiwa operesheni ya tumbo. Aliyesaini ni mimi.

Sasa vuta pumzi, nami nikuulize. Mguu unasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma umeitumia, au umempa mwenye mguu mbaya kuliko wako kama kawaida yako? Mvua zimewaacha salama? Sisi huku joto ni lile lile, linakaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ninayo. Lakini nakujua, Dada. Ungesikia neno la kwanza ungepiga ukelele, majirani wangejaa, na kabla sijafika kwenye habari njema mtaa mzima ungekuwa umeshatandika mikeka ya matanga. Barua haikatizwi. Nimempa dereva wa lori niliyemtengenezea breki, akuletee mkononi. Na kwa kuwa breki hizo nimezitengeneza mimi, ukiiona barua ujue pia kwamba kazi yangu bado ni nzuri.

Sijasahau ulichoniambia siku ya Idi. "Shabani, mwanangu asipasuliwe. Mpe dawa, msomee, mrudishe nyumbani, lakini kisu kisimguse." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu nami nilikuwa mlangoni siku walipomrudisha Mama na bandeji kutoka chini ya kifua mpaka kwenye kinena. Wewe ndiye uliyekuwa ukiibadilisha, miezi minne, mpaka asubuhi ile ambayo hapakuwa na haja ya kuibadilisha. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Mimi nilikuwa nakimbilia nje, nikisingizia kuchota maji. Basi sikuwa na uso wa kukubishia.

Lakini nikueleze ilivyokuwa, halafu uamue mwenyewe kama bado una mdogo wako Bujumbura.

Unajua kwamba tangu Salima aje kujifunza cherehani huku, tumbo lilikuwa likimsumbua. Nilichokuficha ni kiasi. Kwanza tulitibu amiba. Amiba ikatibiwa mpaka nadhani hakuna amiba iliyobaki Burundi nzima. Halafu taifodi. Halafu minyoo. Akila, anashika tumbo upande wa kulia, chini, na jasho linamtoka kwenye paji. Anakwenda chooni mara sita, mara nane. Homa jioni, vidonda mdomoni. Alikuja hapa na mwili, wewe ulimpeleka stendi mwenyewe. Kufikia mwezi wa Ramadhani mikanda ya nguo zake ilikuwa inamzunguka mara mbili. Nikawa namkodolea macho wakati wa kula. Siku moja akaweka kijiko chini.

"Mjomba, unanitazama kama gari unalotaka kununua."

"Nasikiliza injini tu."

"Basi ujue haina mafuta."

Tukacheka wote, na kijiko hakukiinua tena.

Hapo ndipo nilipompeleka kwa Dokta Goreth. Huyu ni daktari wa upasuaji, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye gari kuukuu ambalo limeshinda gerejini kwangu siku nyingi kuliko lilivyoshinda barabarani. Kwa hiyo tunafahamiana kama watu wanaoteseka pamoja. Akampima, akampiga picha zile za kuingizwa kwenye pete kubwa. Mwenzake akajaribu kupitisha kamera kwa njia ya nyuma, ikafika mahali ikagoma: mlango ambapo utumbo mwembamba unaingia kwenye utumbo mpana ulikuwa umevimba, umebaki tundu la kupita mrija wa soda. Vipande vidogo walivyonyofoa havikusema lolote la maana.

"Mzee Shabani, sikia vizuri," Dokta Goreth aliniambia. "Iko maladi mbili zinafanana kama mapacha. Moja ni TB ya tumbo. Ingine ni hii: askari wa mwili wanaamka, wanakosa adui, basi wanaanza kupiga nyumba yao wenyewe. Kwa picha, siwezi kuzitofautisha."

"Si utoe dawa za zote mbili?"

"Apana. Hii ya askari, dawa yake ni kuwalaza askari. Sasa kama ni TB, na mi nimewalaza askari, nani atamufukuza mwizi?"

Nilielewa, Dada, na nilitamani nisielewe. Akampa vidonge vya kutuliza uvimbe kwa uangalifu, mashavu ya Salima yakajaa kama ya mtoto mchanga, tukafurahi juma moja. La pili utumbo ukaziba. Akawa anatapika kijani. Ungeniambia nimrudishe kwako Tabora: asingeweza kukaa kwenye basi hata mpaka mpakani.

Akalazwa hospitali, na Dokta Goreth akaja kitandani na karatasi. Akasema ataondoa kile kipande kilichoharibika na kuunga ncha mbili. Akasema hatafungua tumbo. Ataingia kwa vitundu vinne, na kamera. Kazi hii ya utumbo ameifanya hapa mara chache tu, tena akiwa na bwana aliyemfundisha. Safari hii bwana huyo hayupo. Nilipenda kwamba alisema hivyo. Fundi anayeapa kwamba hajawahi kukosea ndiye ninayemficha spana zangu.

Kisha akachukua kalamu nene akamchora Salima alama tumboni, upande wa kulia. Salima akauliza ni ya nini.

"Kama kuunga kutakuwa na hatari, utumbo tutautoa hapa, ukae na mufuko kwa muda. Natia alama tu. Natumaini sitaitumia."

Salima aliitazama ile alama muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akasaini karatasi. Akanipa mimi, nisaini chini yake kama mlezi. Nikakaa nayo.

"Mama yako amekataa," nikasema.

"Mama amekataa bibi asipasuliwe tena," akanijibu. "Bibi siwezi kumsaidia. Mjomba, kama unamwogopa mama, mwambie nilikushika mkono nikausogeza mimi."

Hakunishika mkono. Nilisaini mwenyewe, kwa jina langu lote mpaka la babu, ili ukitaka kushtaki usipate tabu ya kumtafuta mshtakiwa.

Walimwingiza saa moja asubuhi. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine wenye nyuso kama yangu. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikavipata mia na kumi na mbili, kimoja kimepasuka. Nilikuwa nimejiandaa umeme ukatike. Nilikwenda kuikagua jenereta yao bila kuombwa, mlinzi akanifukuza. Basi siku hiyo umeme haukukatika hata mara moja. Mtaani kwetu unakatika hata mtu akipiga pasi shati, na siku niliyokuwa nimeukunjia ngumi ukatulia kama mke wa kwanza.

Saa tano na nusu mlango ukafunguka. Dokta Goreth alitoka na kofia yake ya kijani, amebeba kindoo cha plastiki chenye mfuniko, kama vile vya rangi.

"Amelala vizuri. Tumeunga. Mufuko, apana."

Nilisema alhamdulillahi. Nilipomaliza alikuwa amefungua mfuniko, ananionyesha.

Usishtuke. Huku ndiyo desturi: kilichotolewa, ndugu wanaonyeshwa. Na mimi, Dada, niliheshimu sana desturi hiyo, maana ni ya gereji. Nikikubadilishia pampu, ile ya zamani nakupa mkononi, imefungwa kwenye gazeti, ujue kweli nimeitoa. Kwa hiyo nilitazama kama fundi. Ulikuwa utumbo wa shubiri moja na nusu. Nilikuwa nadhani utumbo ni kitu laini. Huu ulikuwa mgumu kama mpira wa rejeta ulioungua, umeota mafuta pande zote kama unajaribu kujivika koti. Alipoukunjua pale alipoupasua, kwa ndani ulikuwa umechanikachanika kama ardhi iliyokosa mvua. Nikafikiria vijiko vyote nilivyomlazimisha Salima avimeze vipite humo. Nikaona haya.

Akafunga mfuniko, akanipa kindoo na karatasi.

"Sasa wewe ndiye unapeleka. Maabara ya kupima nyama iko upande wa Kigobe. Wanapokea mpaka saa tisa. Beba na picha za zamani na majibu yote, wataomba. Mzee Shabani, hiki ndicho kitatuambia ni pacha gani. Bila hiki, mi natibu kwa kubahatisha."

Hilo nalo ni desturi: mgonjwa akiwa bado chumba cha kuzindukia, ambako hakuna anayeruhusiwa, ndugu wanatembea mjini na kipande chake.

Picha na majibu vilikuwa nyumbani. Nikapita Buyenzi, nikaweka kindoo mezani, na hapo nikafanya kosa. Kosa lenyewe ni majivuno. Mwenye nyumba wangu, Bi Mastura, alikuja kuuliza habari za mtoto. Mama huyu amezaliwa kwenye avenue hii hii, ameosha maiti wa wanawake wa Buyenzi miaka arobaini, na Salima anamwita bibi. Nikamwambia operesheni imekwenda vizuri. Na kwa ushahidi, kama mteja aliyepewa pampu yake, nikaupigapiga mfuniko.

"Uko humu."

"Nini iko humu?"

"Utumbo wa Salima. Ule mbovu."

Akakitazama kindoo, kisha bakuli la sukari lililokuwa pembeni yake. Nilidhani amevutiwa. Mwadhini akaadhini, nikaenda msikitini, nikamshukuru Mola kwa rakaa zaidi ya zile za faradhi, nikarudi saa saba na nusu kuchukua bahasha. Bahasha ipo. Kindoo hakipo.

Bi Mastura alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananawa miguu. Vidole vyake vilikuwa na udongo.

"Bi Mastura, kile kindoo?"

"Tumeistiri."

"Mmeistiri wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu kona ya ua, nyuma ya pipa la maji. Udongo ulikuwa umechimbuliwa na kusawazishwa, umenyunyiziwa maji, na juu yake mawe mawili madogo. Kazi safi. Miaka arobaini.

Dada, nimewahi kuona gari likishuka mlima bila dereva. Nilijisikia vile.

"Mama yangu! Kile kitu kinangojwa maabara! Mwisho saa tisa!"

"Shabani, usinipandishie sauti mbele ya maziko." Hakunitazama. "We unaacha nyama ya mutoto juu ya meza, pembeni ya sukari, unaenda kusali. Mi ningefanya nini? Ile si pampu. Ni mutu."

"Ni kipande."

"Ni kipande ya mutu. Kwa hiyo inaenda mu udongo. Haizungushwi mu taxi."

Nilimweleza mapacha. Nilimweleza askari na mwizi. Nilitumia vikombe vya chai kama askari. Akasikiliza, kisha akasema maneno ambayo nusura yanimalize:

"Na ukiitoa, ukakuta ni mbaya, utafanya nini? Si ulale bila kujua?"

Hapo nikagundua kwamba hakuzika kwa dini peke yake. Alikuwa anaogopa. Na mimi nilikuwa naogopa vile vile. Nikasimama pale kama mjinga, dakika zinakwenda. Kwa kitambo, wallahi, nilitazama yale mawe mawili nikafikiri: yaache. Asiyejua hana la kujibu.

Ni yeye aliyesema tumwite sheikh. Nadhani alitegemea atamuunga mkono. Sheikh akaja na kanzu yake nyeupe, akasimama mbele ya pipa, akasikiliza pande zote mbili. Akauliza swali moja.

"Mwenye utumbo yuko hai?"

"Yuko hai," nikasema.

"Basi mbona munamutangulia? Haki ya kwanza ni ya aliye hai. Mufukue, mupime, kitakachobaki murudishe. Udongo hauna haraka." Akakusanya kanzu yake. "Na we Shabani, siku ingine usiweke pembeni ya sukari."

Nikashika koleo. Bi Mastura akanipokonya.

"Mi ndiye nimezika. Mi ndiye nafukua."

Akafukua kwa mikono, amepiga magoti, midomo inasoma. Kindoo kikatoka kizima. Hakukifungua! Alijaribu kuinua mfuniko, dawa iliyomo ya kuhifadhia nyama ikamchoma pua, akaogopa, akakizika hivyo hivyo. Lakini alikuwa amekifunga kwa kitambaa cheupe, kipya, na nilipokigusa nilikitambua. Ni kipande cha sanda yake mwenyewe, anayoiweka sandukuni tangu arudi Hija. Amekata.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Siku hizi mafuta huku ni ya kutafuta kama pete. Gerejini nilikuwa na magari saba na hakuna hata moja lenye mafuta ya kufika kona. Isipokuwa moja. Gari la Dokta Goreth lilikuwa limelala kwangu kwa ajili ya klachi, na alikuwa ameliacha na robo tangi. Klachi nilikuwa nimeshaifunga ila boliti mbili. Nikazifunga huku naongea na Mungu. Ndiyo, Dada: daktari alikata utumbo kwa mkono wake na akausafirisha kwa mafuta yake, ila hili la pili alilijua baadaye.

Bi Mastura akaingia kiti cha nyuma bila kuombwa.

"Haiendi peke yake," akasema, akakipakata kindoo.

Tulifika Kigobe zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili. Kijana wa mapokezi akafungua, akatazama kitambaa chenye udongo.

"Hii ni nini tena?"

"Nguo yake," Bi Mastura akajibu. "Ndani mufanye kazi yenu. Nguo nitarudi nayo."

"Uhusiano na mgonjwa?"

"Mama yake."

Sikumsahihisha. Nakuomba nawe usimsahihishe. Kuna jambo alilifanya siku ile kwa niaba yako.

Sasa nikueleze nilichokiona, maana hili ndilo linalonifanya niamke kabla ya adhana na kukaa kitandani nimefumbua macho. Siku nne baadaye nilimrudishia Dokta Goreth gari, nikakiri juu ya mafuta. Akacheka mpaka akafuta miwani. Kisha akasema, "Bon, mi nimeona we unafungua magari. Njoo na we uone." Akageuza kompyuta yake. Kamera ile inarekodi.

Dada, nilimwona Salima kwa ndani.

Wanajaza tumbo gesi, ile inayotoka kwenye soda, likainuka kama turubai lililopata mlingoti. Kamera ikaingia kitovuni, na kule ambako mimi nilidhani ni giza tupu kukawa kweupe. Ini lilikuwa limelala pembeni, jekundu la kahawia, linang'aa kama gari jipya. Mafuta ya manjano kama siagi. Mishipa imetandazwa kwenye utando mwembamba kama ramani ya mito, kila mto unajua unakokwenda. Na utumbo, Dada, unatembea! Msichana amelala usingizi wa dawa, hajui yuko wapi, na wenyewe unajikunja, unajikunjua, unaendelea na kazi yake kama mwanamke anayesuka ukili huku anawaza mengine. Mimi injini naizima kwanza ndipo nitie mkono. Wao walifanya kazi inawaka.

Vikaingia vyuma viwili virefu, vyembamba, ncha zake hazizidi mdomo wa kuku. Nilimjua Dokta Goreth kwa mikono mifupi inayobamiza mlango wa gari. Zile ncha hazikubamiza kitu. Ziliinua utando kama unavyoinua shuka usimwamshe mtoto. Walipofika pale mahali, nilipatambua bila kuambiwa: utumbo mzuri, wa waridi, unakuja unakuja, halafu ghafla mwekundu, umevimba, umejishikiza ukutani kama kitu kilichojificha. Akaubandua, taratibu, muda mrefu. Mshipa ulipotaka kutoa damu ulishapakwa moto kabla haujajua. Kisha wakaupitisha kitovuni, walipopanua kidogo, upana wa vidole vitatu, wakakata, na kifaa kimoja kikashona na kukata kwa pigo moja. Kwa pigo moja! Nikamwuliza boliti zilibaki ngapi. Mimi sijawahi kufunga injini bila moja kubaki mkononi.

"Pini zote zimebaki ndani," akasema, "na zinakaa humo maisha. Ndiyo kazi yao."

Nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka Buyenzi, na kila mtu niliyepishana naye, muuza karanga, polisi, mama na mtoto mgongoni, nilikuwa nawaza: na huyu naye anabeba ule mwanga uliozimwa. Wote wanatembea na mambo yale ndani yao, na hakuna anayejua. Mimi nimeishi miaka hamsini na moja na mwili huu, nikidhani ni gunia la kuwekea ugali.

Salima alisimama siku iliyofuata operesheni. Siku ya pili akanywa uji. Ya tano akarudi nyumbani. Wanawake wa mtaa walikuja na sukari na sabuni kumwangalia, na kila mmoja alitaka kidonda. Salima anainua blauzi: kitovu na vitundu vitatu, kama ameumwa na mbu wenye heshima. Nilimwona mmoja akiondoka amenuna, kama aliyeletewa chai bila sukari. "Wamekudanganyeni," alimwambia Bi Mastura. Bi Mastura akamjibu, "Mi nimeshika utumbo wenyewe. We umeshika nini?"

Majibu yalichukua majuma mawili na zaidi. Tulikwenda watatu. Dokta Goreth alisoma kwanza peke yake, nami nilimsikia Bi Mastura akipumua kama mtu anayepanda ngazi. Halafu akavua miwani.

"TB, apana. Saratani, apana. Ni ile ya askari."

Nami sitakudanganya, Dada, maana nimekudanganya vya kutosha mwaka huu. Ugonjwa huu hauishi. Kipande kibaya kimetoka, lakini askari ni wale wale, na wanaweza siku moja kuanza tena, mara nyingi pale pale kwenye muungo. Atameza dawa za kuwatuliza, atapimwa damu, atarudi kwa kamera ile ya nyuma kila atakapoitwa. Daktari anasema wengi wanaishi nao, wanafanya kazi, wanazaa. Lakini sasa anapewa dawa yenyewe, siyo ya kubahatisha. Jana alikula wali na ndagala, dagaa wa huku, sahani nzima, akaifuta kwa kidole, kisha akanitazama.

"Haya, Mjomba. Nunua."

Nisalimie shemeji, mwambie ile redio yake ninaikumbuka na spea yake haijapatikana hata Kongo. Msalimie shangazi wa Ng'ambo anayetuombea kila Alhamisi. Mwambie aendelee, imefika. Wasalimie wanao wadogo, na yule mpangaji mwalimu atakayekusomea barua hii kama miwani yako bado imevunjika. Mwalimu, shikamoo, na naomba usiruke pale nilipojisema vibaya.

Limebaki jambo moja. Maabara walichukua vipande vidogo tu. Kilichobaki kipo kwao, kwenye kindoo kile kile, na kwa barua ya Dokta Goreth wamekubali kuturudishia. Wametupa mpaka mwisho wa mwezi. Bi Mastura ameshafua kitambaa, amekianika, amekipiga pasi. Nilimwambia nikichukue kindoo Jumatatu, tumalize. Akakataa. Alisema yeye alimtangulia mtoto mara moja, hamtangulii mama yake. Sheikh naye kasema ni sawa kungoja.

Salima anasema hana neno, popote, mradi yeye asilale pembeni yake.

Basi nakuuliza, Dada Riziki. Operesheni niliisaini bila wewe. Hili silifanyi bila wewe. Kizikwe wapi? Ukisema hapa, tutakilaza nyuma ya pipa la maji, na udongo umeshakizoea. Ukisema Tabora, nitakileta mwenyewe, mkononi, na Salima nyuma yangu na dawa zake, nawe utainua blauzi yake utazame kwa macho yako mahali kisu kilipopita, halafu uniambie la kuniambia. Nitakuwa nimesimama mlangoni. Safari hii sitakwenda kuchota maji.

Ni mimi, mdogo wako mwenye hatia,

Shabani, fundi wa Buyenzi